Mrina Asali na Mzizi Mweusi

Enzi za Mwingereza, huko Itigi, Alute mrina asali alikuwa na njia yake ya kupima dawa za maumivu. Hutafuna mzizi, husubiri kidogo, kisha humbana nyuki mkononi ili amuume. Akisikia uchungu, huutupa mzizi huo. Alikuwa akitafuta hivyo tangu titi la mkewe, Luciana, lilipoota uvimbe uliomnyima usingizi.

Mchana mmoja, ndani ya kichaka, alitafuna mzizi mweusi wa mti asioujua. Akambana nyuki kwenye ngozi, nyuki hakuuma. Akafungua mzinga bila moshi, akaingiza mkono mpaka kiwiko. Nyuki walimpanda taratibu, wakatembea shingoni na kwenye kope zake kama watembeavyo juu ya gogo. Akajikata kidole kwa kisu. Hakusikia kitu.

Jioni alimsimulia mkewe. “Mama Sara, naogopa. Wale nyuki hawakuniona mtu.”

“Labda ulinuka kuliko siku zote,” alisema Luciana. “Kidole sasa kinauma?”

“Kinauma.”

“Basi ulirudi, na mimi nitarudi. Nisiporudi, Baba Sara, angalau nitakuwa nimelala. Lete.”

Alitafuna. Uso ukalegea, akalala fofofo, mara ya kwanza tangu mavuno. Alute alikaa kando yake, moyo umetulia. Punde nyuki mmoja akaingia mlangoni, akatua kwenye midomo ya Luciana. Wakaja wengine.

Alute hakuwafukuza. Aliinama karibu, akatazama kama pumzi ya mkewe inatikisa mabawa yao.