Macho Niliyoyakutanisha

Ipo siku moja, mdogo wangu, ambayo huikumbuka kila ninapokaa mbele ya kompyuta hii. Mvua ilikuwa inanyesha hapa Iyunga, na mama mmoja akaingia studio bila hodi.

Kabla sijafika kwake, nikueleze. Wanafunzi wa chuo waliniletea filamu yao fupi niihariri. Mwenzao Tupokigwe aliigiza mke kijana, na aliyeigiza baba mkwe ni baba mkwe wake wa kweli, mzee wa Mbalizi. Mzee alirekodiwa Jumatatu, Tupokigwe Alhamisi. Nilijiuliza kwa nini si siku moja, lakini niliona haya kuwauliza. Mimi nimeishia darasa la saba. Tunasema kuuliza si ujinga, ila aibu nayo ina kufuli yake.

Basi nikajitia ufundi. Pale Tupokigwe anapoinua macho, nikaunganisha na pale mzee anapotabasamu. Ungeapa wanatazamana uso kwa uso. Nikafurahi, nikawatumia wanafunzi kwenye simu.

"Ndiwe fundi wa picha?" mama yule aliniuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mimi mama mkwe wa Tupokigwe. Kwa nini umemfanya amkazie macho mume wangu?"

Mimi nimetoka Iringa, sikujua. Wanyakyusa wa ukoo ule bado wanashika mila: mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wala hakai naye mahali pamoja. Ndiyo maana ya zile siku mbili.

"Lakini hawakukutana, mama."

"Najua, nilikuwepo! Mume wake hakuwepo. Ameiona kwenye simu, tangu jana hali chakula. Anasema mke asiye na adabu arudi kwao. Na kesho ukoo wote uko ukumbini kuitazama. Mwanangu, uongo wenye sura huaminiwa kuliko ukweli wenye mdomo."

Akavuta stuli. "Sitoki hapa. Umeme ukikatika, tutausubiri wote."

Nikatafuta kipande nilichokitupa kwa kukiona kibovu: Tupokigwe anajifunika kanga, anageukia ukuta. Nikakirudisha mahali pa yale macho. Kisha mama akamwita mwanawe. Alikuja amekunja uso, nikamwonyesha picha za Jumatatu peke yake, na za Alhamisi peke yake.

"Kumbe," akasema, akaondoka. Neno hilo moja tu. Sikujua limebeba nini.

Kesho yake nilisimama mlangoni mwa ukumbi. Mzee alikwisha kaa mbele. Viti vikajaa. Taa zilipokaribia kuzimwa ndipo Tupokigwe akapita mlango wa nyuma, mume wake akimfuata na kiti begani, akamwekea kando, mbali na macho ya mzee. Nikakaa chini hapo hapo.

Lakini ile ya kwanza bado inazunguka kwenye simu za watu, na maji yakimwagika hayazoleki. Tupokigwe hajaigiza tena.

Kwa hiyo, mdogo wangu, kabla hujaunganisha watu wawili, uliza ni nani kwa nani. Usiogope kuonekana hujui. Ogopa kumvunjia mtu nyumba kwa kidole kimoja. Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi usioona haya kuuliza, na kila utakayempitisha kwenye kioo hiki arudi kwao na heshima yake.