Kigari Kilichoendesha Kama Mume Wangu

Mume wangu aliendesha gari polepole mno. Tukitoka Kitengela kwenda ibada Isinya, hata trekta lilitupita. Nikimwambia ngoja ngoja huumiza matumbo, ananijibu haraka haraka haina baraka, na tunanuniana hadi kanisani. Akikuta mbuzi barabarani alizima injini kabisa. Kundi likishapita bado alikaa, kwa sababu, alisema, nyuma ya mbuzi hakukosi kitoto kimoja kilichochelewa.

Alikuwa mwalimu wa ufundi chuoni. Mwaka wake wa mwisho, yeye na wanafunzi wake waliunda kigari kidogo cha kujiendesha chenyewe, kwa ajili ya mashindano. Kilifundishwa kwa kuiga. Kila jioni alikiendesha kwa rimoti kwenye ploti tupu nyuma ya nyumba yetu, katikati ya mbuzi wa majirani, na kigari kikahifadhi kila alichofanya. Nilimtania kwamba anakirithisha kasoro zake zote.

Kisha mapafu yakamshinda, akafa kabla ya mashindano. Sina neno la kulipamba hilo.

Siku ilipofika nilienda Kajiado, ingawa shemeji zangu walinung'unika kwamba mjane hafai kukaa penye vifijo. Kombe halikunihusu. Nguo zake nilikuwa nimeshagawa, na laini yake ya simu ilikuwa imefungwa. Uendeshaji wake ulibaki ndani ya kile kigari tu, nami nilitaka kuuona.

Nikauona. Kilikata kona kwa upana uleule uliokuwa ukinikera, na kabla ya tuta kilipunguza mwendo mapema kupita kiasi. Halafu waandaaji wakavuta mbuzi wa maboksi kwa kamba, akakatiza njia. Vigari vingine vilisimama kidogo vikaendelea. Chetu kilisimama, mbuzi akapita, nacho kikabaki palepale. Watu wakaanza kucheka. Mimi nilijua kinangoja nini. Muda ukaisha kikiwa bado kinangoja, nami nikalia mbele ya umati ule bila kuona haya.

Kiongozi wa wanafunzi, binti mpole aliyekuja kutuoshea vyombo wakati wa mazishi, alinifuata nyuma ya hema akiwa na kompyuta yake mkononi. Alinieleza kwamba mwakani wataruhusiwa kujaribu tena. Kisha akaangalia viatu vyake.

"Mum, vile mwalimu aliifundisha ndio inatuangusha," akasema. "Tunataka kufuta yote tuifundishe upya. Lakini tumeona tukuulize kwanza."

Nikauliza kama hawawezi kuyahifadhi mafunzo yake mahali. Akasema wataniwekea nakala, ila itakuwa faili tu, haina gari. Hasira zikanipanda. Nilitaka kumwambia waunde kingine, chenye haraka zao, waniachie hiki. Lakini mume wangu hakukiunda ili mimi nipate cha kutazama. Aliwaundia wanafunzi wake washinde, na hapo sikuwa na la kubisha.

"Futa," nikamwambia. "Lakini ngoja nifike barabarani kwanza."

Nikauvuka uwanja. Nilipofika barabarani niligeuka, nikamwona amesimama palepale, kompyuta imefunguliwa, ananitazama. Hakuwa ameanza. Nikainua mkono kumwambia aanze.