Fundi Kimya na Pikipiki ya Muuguzi

Mtu asidhani Fundi Kimya aliitwa hivyo kwa upole. Mdomo anao, tena wa kutosha mtaa mzima. Jina lilitokana na ukorofi wake mmoja: kila alipotaka kurekebisha silensa ya pikipiki, yaani ule mngurumo wa chini injini inapoachwa iwake yenyewe bila kuongezwa mafuta, alinyanyua bisibisi juu, na wote waliomzunguka walipaswa kunyamaza. Mshonaji wa mlango wa pili aliondoa mguu kwenye cherehani. Mchomeleaji wa mageti alizima mashine yake. Hata mzee mwenye redio, ambaye nyumbani kwake haambiliki, aliizima. Ndipo fundi akainamisha kichwa, akazungusha skrubu ya kabureta kidogo, akasikiliza, akairudisha kidogo zaidi, mpaka injini ikatulia. Majirani walimsema sana kwa tabia hiyo, lakini mgeni akiuliza kunani, wao ndio waliomwambia afunge mdomo.

Sasa masikio hayo yalikuwa yanamtupa mkono. Hayakuondoka kwa kishindo. Kwanza walinyamaza ndege wa asubuhi, kisha ikapotea sauti ya mkewe akimwita kutoka jikoni, jambo ambalo mwanzoni hakuliona kuwa hasara. Baadaye wakafuata wateja, hasa wanaosemea mgongoni kwake. Mkewe alimsihi akapimwe. Yeye akajibu kwamba vipimo ni vya wagonjwa. Ukweli ni kwamba aliogopa. Fundi wa silensa asiyesikia ni fundi wa nini? Siku wakijua, alijiambia, amemwaga unga. Basi akajizoesha ujanja mmoja: mtu akisema neno asilolishika, anatikisa kichwa na kujibu, “Sawa, sawa.” Ujanja huo ulimvusha pengi, na ndio uliomponza.

Muuguzi alikuwa mteja wake wa siku nyingi. Aliwatembelea wagonjwa wasioweza kutoka majumbani, kuwafunga vidonda na kuwachoma sindano, kwa pikipiki kuukuu aliyoachiwa na baba yake. Pikipiki hiyo ilianza vituko. Akisimama kupisha watu, mara inanguruma kwa hasira kama imeongezwa mafuta, mara inazimika. Fundi Kimya alisafisha kabureta, akabadilisha plagi, akapandisha skrubu ya silensa ili injini isizimike. Ikarudi. Akasafisha tena, akapandisha tena. Ikarudi.

Safari hii muuguzi aliikokota, jasho likimtiririka na mkoba wa dawa begani. Ilikuwa imemzimikia katikati ya barabara, lori likiwa nyuma yake. Hakugomba, na hiyo ilimuuma fundi kuliko matusi. Alisema tu, akimtazama usoni, kwamba anampenda na anamheshimu, ila akitoka hapo na ikazimika tena, ataipeleka kwingine, maana wagonjwa wake hawawezi kungoja.

Fundi aliiwasha na kuiacha ichemke. Akanyanyua bisibisi. Cherehani ikasimama, mashine ya mageti ikazimwa, redio ikakatwa. Mtaa mzima ukamtolea kimya chake, naye akainamisha kichwa na asisikie kitu ila mvumo mzito, kama mtu aliyezamisha kichwa kwenye pipa la maji. Akajikaza kisabuni, akagusa skrubu kuipandisha tena, kwa sababu hakujua la kufanya.

Nyuma yake muuguzi akauliza kitu. Fundi akatikisa kichwa. “Sawa, sawa.”

Mkewe alikuwa amefika na chupa ya chai. Alisikia swali na jibu lake, akaona majirani wanavyotazamana. Akaweka chupa chini, akaja kusimama mbele ya mumewe, uso kwa uso.

“Baba watoto, dada amekuuliza kwa nini asubuhi ikiwa baridi haisumbui, inasumbua ikishachemka tu. Anasema alikuuliza hivyo tangu siku ya kwanza. Nawe umemjibu sawa.”

Fundi alimtazama mkewe, akawatazama majirani waliokuwa bado wamemnyamazia, na aibu ikamshika. Angeweza kusingizia uchovu, na uongo ulikuwa tayari mdomoni. Lakini alimfikiria yule binti na lori nyuma yake, akauona uongo huo mchungu kuutamka.

“Sisikii,” alisema. “Ni muda sasa. Mnaninyamazia bure.”

Hakuna aliyecheka. Muuguzi alizunguka pikipiki akaja mbele yake, akarudia swali lake polepole, midomo ikionekana vizuri. Na palepale, kabla hajalimaliza, fundi alikuwa ameshaanza kufikiri. Ikiwa baridi haisumbui, basi si uchafu; uchafu hauchagui saa. Kuna kitu kinachopanuka kwa joto. Kuna mahali injini inaiba hewa isiyopita kwenye kabureta, inakochanganywa na mafuta kwa kipimo; mafuta yanazidiwa na hewa, na mngurumo unakosa utulivu. Zamani angeusikia mfyonzo wake mara moja.

Aliweka kiganja cha kushoto juu ya tangi. Mtikisiko ulimpanda mkononi, ukienda mbio, ukisita, ukienda mbio. Akachovya vidole vya mkono wa kulia kwenye maji, akavipitisha taratibu kwenye kipande cha mpira kinachounganisha kabureta na injini. Juu, hakuna kitu. Pembeni, hakuna kitu. Akaupenyeza mkono chini, akivumilia joto, akabonyeza. Chini ya kiganja kingine mtikisiko ukanyooka, pigo kwa pigo. Akaondoa kidole, fujo ikarudi. Akabonyeza tena, ikatulia.

“Nimekukamata,” aliiambia pikipiki.

Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, ufa mwembamba unaofumba ukiwa baridi na kufumbuka ukichemka. Kwenye rafu ya vipuri vya pikipiki zilizokufa alipata mwingine mzima, akaukunja huku na huku kuukagua, akaufunga. Kisha akaishusha ile skrubu aliyokuwa akiipandisha siku zote hizo. Pikipiki ikachemka, ikaachwa iwake yenyewe, nayo ikanguruma chini na sawasawa.

Mshonaji alikuwa bado amezuia mguu, akisubiri ruhusa. Fundi akamwambia ashone, naye mchomeleaji achomelee, kuanzia leo hakuna wa kunyamaza. Kelele zikarudi zote kwa pamoja, na mkono wa fundi ukabaki juu ya tangi, ukihisi kila pigo. Alifurahi hata akaona haya.

Muuguzi alimwambia kuna mwenzake anayepima masikio, na kwamba atampitia ampeleke mwenyewe. Mkewe akajibu kwa niaba yake kwamba atakwenda.

Kesho yake alikuja mteja mgeni, kijana mwenye haraka, akaanza kueleza shida yake huku akiegesha pikipiki nyuma ya fundi. Fundi Kimya akafuta mikono, akageuka.

“Njoo usimame hapa mbele yangu, ndugu,” alisema. “Masikio yangu yamechoka, mikono bado. Haya, anza upya: inasumbua ikiwa baridi, au ikishachemka?”