Mashine Tuliyokatazwa Kufungua

Mimi na mwenzangu tulikuwa tunapiga chapa barua za watu hapa Kolwezi, katika chumba cha mbele cha nyumba yake, karibu na parokia. Alikuwa mkubwa kwangu, nami nikimwita yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa. Wazazi wake walitoka Kasai zamani kufuata kazi ya shaba, lakini yeye alizaliwa hapahapa, katika hospitali ileile niliyozaliwa mimi. Wakati huo jambo hilo halikumshughulisha mtu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini tuliacha taipu zetu, tukanunua kompyuta katika duka moja la Lubumbashi. Ilikuja na garantii, na garantii ilikuja na makatazo. Kila skrubu ya nyuma ilibandikwa karatasi ya muhuri, na chini ya karatasi kichwa cha skrubu kilikuwa na tundu la nyota, ili bisibisi ya kawaida isiingie. Mashine yenyewe ilikuwa nzito. Ukiandika "Monsieur le Directeur", uliweza kupiga chafya kabla Directeur hajatokea.

Tulikwenda posta kupiga simu dukani, tuulize kama inaweza kuongezewa nguvu.

"Kuongeza haiwezekane, mama," muuzaji akaniambia. "Mutengenezaji anakataza. Memori ya fasi ingine, yenye hakutengeneza yeye, haingie mule. Alitengeneza tundu yake mwenyewe."

"Na mwendo?"

"Mwendo balishaufunga ku usine, kwenye banatengeneza mashini. Mukifungua, garantii inakufa. Mununue ingine ya mupya."

Mume wa yaya, fundi umeme wa kampuni ya mgodi, alitaka kuifungua siku hiyohiyo. Yaya akamkataza. Alikuwa mtu wa kuheshimu karatasi.

Kisha mambo yakaharibika. Kampuni ikaacha kulipa mishahara. Lubumbashi maduka yakaporwa, na muuzaji wetu akavuka mpaka kwenda Zambia. Kwenye mikutano na redioni wakaanza kusema kwamba taabu zote za Katanga, mkoa wetu, zimeletwa na watu wa Kasai. Wakawaita wadudu. Siku moja vijana wakapita mtaani wakigonga milango, na majirani zangu wa Kasai wakatoka na magodoro kichwani. Yaya na mumewe wakaenda stesheni kungoja treni ya kwenda Kasai, wao na umati wa wengine. Treni haikuja. Wakajenga kibanda cha plastiki kando ya reli, wakaendelea kungoja. Kompyuta waliniachia mimi nyumbani kwangu, kwa sababu kitu chochote cha maana kilinyang'anywa njiani.

Nilikuwa nawapelekea bukari, yaani ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo. Siku moja shemeji, akiwa amekaa juu ya sanduku lake, aliniuliza kama muuzaji yuko bado. Nikamwambia alishavuka.

"Basi garantii nayo ilishakimbia," akasema, akamgeukia mkewe. "Sasa utakataza juu ya nini?"

"Ni kweli," yaya akasema. "Mufungue."

Shemeji akaazima tupa kwa jirani wa kibanda cha pili, akanoa msumari mnene mpaka ncha yake ikaingia kwenye tundu la nyota. Halafu akanichorea mchangani tumbo la mashine.

"Hapa kuko chipu kubwa. Pembeni utaona bipini bidogo kama sindano, bimevaa kikofia cha plastiki. Utoe ile kikofia, uvalishe bipini bya kando. Njo utapata mwendo wote."

Nikarudi nyumbani, nikachana muhuri, nikafungua. Vikofia vilikuwa vingi. Nikatoa kimoja nilichokidhania, nikakitia kikapuni ili nikamwonyeshe. Langoni pa stesheni kijana mmoja mwenye fimbo akapekua kikapu changu, akakitoa. Kilikuwa kama punje ya mchele.

"Hii ni nini?"

"Kitu ya mashini."

"Inafanya nini?"

"Inazuia mashini kwenda mbio."

Akakigeuzageuza mbele ya jua. "We muntu wa wapi?"

Nikamjibu kwa Kilunda, lugha ya mama yangu na ya wenyeji wa hapa. Akanirudishia kikofia. Bukari akabaki nayo nusu.

Shemeji akasema ndicho hicho. Nikaenda kukihamisha, na mashine kweli ikakimbia, mpaka ikapata joto na kuzimika. Nikapeleka habari stesheni. Akaniambia niiache bila kifuniko na niwashe feni mbele yake. Nikafanya hivyo. Ikaacha kuzimika, ila sasa kila asubuhi ilinionyesha sentensi ya Kifaransa: mipangilio imebadilishwa, tafadhali muone muuzaji wako. Nikapeleka na hiyo.

Shemeji akacheka mpaka akaanza kukohoa. Kambi nzima ilikuwa inakohoa. Kila asubuhi walikuwa wanazika mtu, mara nyingi mtoto.

"Uambie mashini muuzaji iko Zambia," akasema alipopata pumzi. "Halafu ufinye kidude chochote cha kuandikia."

Nikafinya. Ikakubali.

Treni ilipokuja ilikuwa ya mabehewa ya mizigo, yasiyo na paa. Tulimsukuma shemeji juu, kwa kuwa miguu yake haikuwa tena na nguvu. Yaya akainama kutoka behewani, akanishika mkono.

"Mudogo, ile chumba ufagie. Vumbi ni mubaya kwa mashini yenye iko wazi."

"Nitafagia, yaya."

Treni ikaondoka. Nilifika nyumbani, nikakaa mbele ya mashine, nikaandika lolote lililonijia, upesi kadiri vidole vilivyoweza. Kila herufi ilitokea papo hapo. Nikalia, nikafuta yote, kisha nikachukua ufagio.

Baada ya msimu wa mvua, mfanyakazi mmoja wa reli aliniletea habari zao. Walishuka Mwene-Ditu, huko Kasai. Shemeji alilala sana, kisha akapona, na sasa anatengeneza redio chini ya turubai. Yaya anauza maandazi. Watu wa kule wanacheka Chiluba chake, lugha ya wazazi wake, akasema, na sokoni wanamwita Mama Katanga.