Ufa Kwenye Rimu ya Ndugu Kornel

Lukumani wa Gongoni hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Ukoo wake ni wafua shaba, tangu babu wa babu yake alipofika Tabora na msafara, nyundo mkononi, akaona hapa panatosha. Yeye mwenyewe alifua mabirika mpaka shaba ilipoadimika, akageukia magari. Lakini mwaka ule wa msako wa wahujumu uchumi, mtu akikohoa tu mlangoni, alichungulia kwanza kabla ya kuitika.

Fundi mwenzake, Mussa, alikuwa amewekwa ndani. Mashine ya kusaga ya kijiji kimoja ilimfia mkononi, basi, neno likapatikana: hujuma. Mashine ilikufa kwa uzee. Kila mtu alijua, na kila mtu alinyamaza, Lukumani akiwa wa kwanza.

Ndipo Ndugu Kornel, mkubwa wa ofisi moja pale mjini, alipomletea gari dogo la zamani, aliloachiwa na Mgiriki aliyekuwa akilima tumbaku huko Sikonge. Rimu zake hazikuwa za chuma. Zilikuwa za aluminiamu ya kumiminwa, nyepesi, zenye madoido, ila rangi ilikuwa imebabuka na zimeota ukungu mweupe wa kutu.

"Nataka nijione uso humo, Fundi," alisema Kornel, akacheka. Lukumani naye akacheka, kwa kuwa mkubwa amecheka.

Alizibandua rangi, akazipiga msasa wa maji, akazisugua kwa majivu yaliyochekechwa na kitambaa chenye mafuta mpaka zikaanza kumrudishia uso wake. Moja ilikuwa imepinda ukingoni. Mkono ukafanya ulichozoea: akaipasha moto kidogo, akaigonga nyundo kama anayenyoosha mdomo wa birika. Ukingo ukakaa sawa, mwenyewe akajisifu.

Alipoing'arisha akaona kama unywele umelala juu yake. Akaupangusa. Haukutoka. Akapaka mafuta ya taa, akayafuta, akapaka unga wa chaki juu, akangoja. Chaki ikalowa mstari mmoja mwembamba, kutoka ukingoni kuelekea matundu ya nati: ufa.

Shaba huvumilia nyundo; aluminiamu ya kumiminwa haina uvumilivu huo. Je, ufa ulikuwa wa zamani, wa mashimo ya barabara za Sikonge, au ni yeye aliyeupasua? Hakujua, na hilo ndilo lililomtia hofu zaidi. Akisema, ataulizwa nani aliigonga. Akiulizwa, atamfuata Mussa. Akausugua ule ufa mpaka ukapotea ndani ya mng'ao, akaifunga rimu mbele kushoto, upande wa abiria, akajiambia kwamba wakubwa huendesha polepole.

Kornel alipokuja kuchukua gari lake alilizunguka mara mbili, akitabasamu. "Kazi ya harusi hii! Naenda nalo Igalula leo, kumwona mama."

Sikuzani, mkewe Lukumani, akasikia kutoka uani. "Igalula? Mdogo wangu kajifungua huko, baba, nami nahangaika na treni."

"Shikamoo, mama. Panda basi, kiti cha mbele kitupu."

"Marahaba, mwanangu! Mungu akuzidishie."

Akakimbilia ndani, akatoka na kanga mpya na furushi la unga wa uji wa mzazi. Maisha yake yote hakuwahi kukaa mbele kwenye gari dogo.

"Mama Zamda, ngoja treni," alisema Lukumani.

"Treni ya nini tena, na gari ulilolitengeneza mwenyewe hili hapa?"

Mlango ukafungwa. Injini ikawaka. Lukumani aliiona rimu ile ikianza kuzunguka, inang'aa, nzuri kuliko zote, na juu yake mkewe akipunga mkono dirishani. Akaruka mbele ya gari, mikono yote miwili juu ya boneti.

"Simama! Simama! Rimu hiyo ina ufa!"

Kornel akashuka. Akachuchumaa, akapitisha kidole alipoonyeshwa, taratibu, mpaka kucha ikakwama. Lukumani alisimama akilingoja lile neno, hujuma.

"Umeujua lini?" aliuliza Kornel.

"Tangu nilipoing'arisha, Ndugu. Niliigonga nyundo. Labda ni mimi, labda siyo."

"Na ukaifunga."

"Niliogopa."

Kornel akainuka, hakupandisha sauti, na Lukumani akatamani apigiwe kelele. "Toa hiyo," alisema. "Weka gurudumu la akiba."

Lukumani akaenda kuleta jeki. Aliporudi, Sikuzani alikuwa ameshuka, furushi kalikumbatia kifuani. Hakuwa akilitazama gurudumu. Alikuwa akimtazama yeye, jinsi mtu anavyomtazama mgeni aliyeingia nyumbani bila hodi.

"Baba Zamda," alisema, "na kama nisingepanda mimi?"

Lukumani akapiga magoti, akaisukuma jeki chini ya gari, akaanza kuizungusha. Mkewe alisimama pale pale akingoja jibu. Kornel naye alikuwa anangoja.