Gurudumu la Mashine ya Kahawa

Kila nikimwamkia baba shikamoo, ananipa mkono wa kushoto. Wa kulia umebaki na vidole viwili, na vile vitatu nilimpotezea mimi.

Mashine yake ya kumenyea kahawa, huko kwetu mlimani juu ya Kikatiti, ilikuwa na gurudumu zito la chuma cha kumimina, la kuzungushwa kwa mkono. Msimu mmoja likapata ufa kwenye spoku, mmojawapo wa mikono inayounganisha kitovu na ukingo. Baba akalitia kwenye gunia, akaniletea karakanani kwangu Sekei, ninakounga vyuma. Kahawa alikuwa ameshaanza kuichuma, na ikilala bila kumenywa inachacha.

Chuma cha kumimina, kile kinachoyeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, nakifahamu. Kina kaboni nyingi. Ukikikandamiza kinabeba mzigo wa kutisha, lakini ukikivuta hakinyumbuki hata kidogo, kinakatika ghafla. Ndiyo maana tunakiunga kwa kijiti cha kuchomelea cha nikeli. Nikeli ni laini. Chuma kinapopoa na kujikunyata, yenyewe inakubali kuvutika. Kijiti cha kawaida hunyonya ile kaboni, na mshono unakuwa mgumu lakini wa kuvunjika, kama chupa. Hayo nilifundishwa chuoni, na mafundi waliokuwa wakiyapuuza nilikuwa nawafokea mbele za watu.

Siku ile nikeli ilikuwa imeniishia, na dukani mjini wakasema mpaka wiki ijayo. Ningeweza kumwambia baba tusubiri. Lakini alikuwa ameketi kwenye kiti changu, akimweleza kila mteja aliyeingia kwamba huyu ndiye mwanawe, fundi asiyeshindwa na kitu. Sifa zikanilevya. Nikachukua kijiti cha kawaida. Sikulipasha gurudumu moto kwa mkaa kabla ya kuunga, wala sikulifukia kwenye jivu lipoe taratibu mpaka kesho yake. Nililimwagia maji, ili baba awahi gari la kurudi.

Nilipotaka kusawazisha mshono, tupa iliteleza. Mshono wa nikeli tupa inaula vizuri. Huu haukutoa hata chembe. Hapo nilijua mshono umekuwa chupa. Nikaupaka rangi nyeusi, nikamfungia baba mzigo wake.

Kesho yake asubuhi dada yangu akanipigia simu huku analia. Gurudumu lilikatika palepale kwenye mshono baba akiwa analizungusha, likaanguka na mkono wake na kuviponda vidole vitatu kwenye ukingo wa saruji chini ya mashine.

Nilikwenda hospitali nimedhamiria kusema kweli. Baba akaniwahi. "Usijilaumu, mwanangu. Wewe uliunga vizuri. Chuma ndicho kilichozeeka." Nikanyamaza, na kimya kile kinanichukiza mpaka leo.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani, mgeni mmoja alimuuliza habari ya mkono. Baba akasimulia kama kawaida yake, akamwonyesha kwamba fundi wake ni mimi, kisha akanigeukia.

"Si kilikuwa kimezeeka kile chuma?"

"Ndiyo, baba," nikasema. "Kilikuwa kimezeeka."