Jaji Wangu Anahamia Houston

Jaji wa mahakama ya shirikisho huku Marekani huteuliwa kwa maisha yake yote. Hastaafishwi kwa lazima, na hakuna mkubwa aliyeudhika anayeweza kumhamishia mpakani. Kwa hiyo jaji niliyemfanyia kazi hapa Dallas aliponiambia kwamba anaacha kiti ili ajiunge na kampuni ya mawakili Houston, wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Alikuwa amesimama dirishani, viatu vya kisigino amevivua, akaniambia amechoka kuwa mtu ambaye kila anayezungumza naye ameshapima maneno kwanza. Wajukuu wake wako Houston. Halafu alitaka kubishana tena kabla hajazeeka, badala ya kukaa juu na kusikiliza wengine wakibishana.

Mimi ni mmoja wa makarani wake wawili wa sheria. Kwetu Kenya neno karani humleta akilini mtu wa mihuri na mafaili yenye vumbi, na kanisani kwetu, kwa Wakenya wa hapa Dallas, nimeshaacha kueleza. Nilichokuwa nikifanya ni kusoma yote yaliyoletwa na mawakili na kuandika rasimu ya uamuzi. Yeye aliikata, akaipanga upya, akatia sahihi. Makarani wengi hukaa mwaka mmoja au miwili kisha huenda kutajirika. Mimi nilibaki. Baada ya talaka, na baada ya mwanangu kwenda chuo na kuanza kunijibu kwa Kiingereza hata nikimsalimu kwa Kiswahili, alibaki mtu mmoja tu niliyezungumza naye sentensi nzima kila siku, naye alikuwa jaji. Tuligombana juu ya alama za mkato. Asubuhi nilipanda treni kutoka kitongoji cha Richardson, ninakoishi, nikiwa tayari na hoja ya kumshinda. Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yangu ya kijamii, na nayaeleza hapa kwa kuwa wasomaji wangu hawanijui.

Jaji akiondoka, karani wake naye huondoka. Hilo nililijua. Ndipo akaniuliza, bila kugeuka kutoka dirishani:

"Umewahi kufikiria Houston? Wataniruhusu niende na mtu mmoja."

Nikajibu kama nilivyolelewa. "Usijisumbue kwa ajili yangu, Jaji. Mimi niko sawa tu."

Kwetu, ukiingia nyumba ya watu ukakaribishwa chakula, unasema umeshiba, hata kama tumbo linanguruma wote wakisikia. Mwenyeji anasisitiza. Unasema labda maji tu. Anasisitiza tena, na sahani inaletwa. Mtoto aliyekubali mara ya kwanza alifinywa na mama yake kabla hawajafika langoni, na mimi nilifinywa vya kutosha. Nilikuwa nimeshatoa jibu la kwanza. Nikakaa kungoja swali la pili.

Jaji aliinamisha kichwa, akasema anauheshimu uamuzi wangu, akarudi kwenye karatasi zake.

Wiki zilizofuata nilimrahisishia kazi kadiri nilivyoweza. Nilitaja kwamba nasikia Houston wako Wakenya wanaochoma nyama vizuri. Akasema hilo ni jambo jema. Nilisema nyumba yangu ya Richardson imekuwa kubwa mno kwa mtu mmoja; akanitafutia wakala wa nyumba, mtu mwaminifu kabisa, ambaye mpaka leo hunitumia salamu za Krismasi.

Wakati huo habari ilikuwa imefika kanisani. Jumamosi moja walikuja akina mama watatu na sufuria ya pilau, na chapati zimefungwa kwa foili, wakaketi sebuleni kwa nyuso za matanga. Walikuja kunipa pole. Mmoja aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni mambo ya hongo, maana kwetu jaji akiacha kazi ghafla ujue kuna faili limefunguliwa mahali. Nilieleza kwamba anaondoka kwa hiari yake. Walitazamana. Wakasema watamwombea hivyo hivyo.

Dada yangu mkubwa, nesi katika mji jirani wa Plano, alikuja kesho yake kula masalio ya pilau hiyo.

"Sasa wewe? Alikuuliza kama utaenda naye?"

"Aliniuliza mara moja."

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia asijisumbue."

Aliweka kijiko chini. Alicheka mpaka akapangusa macho, kisha kicheko kikamwisha. "Msomi wetu," alisema. "Mimi nikiuliza mgonjwa kama anataka dawa ya maumivu, akisema hapana, naandika hapana. Hawa Wamarekani hawarudii swali. Kesho umwambie unataka kwenda. Kwa mdomo wako."

Jaji alikuwa Houston wiki hiyo, akitazama ofisi yake mpya. Jambo kama hilo halisemwi kwa simu, kwa hiyo nilijitolea kumpelekea maboksi yake ya vitabu, nikaendesha gari asubuhi nzima nikifanya mazoezi ya sentensi moja.

Alifurahi kuniona. Niliisema sentensi kabla sijatua boksi la kwanza: nataka kuja kufanya kazi hapa nawe.

"Nilikuuliza," alisema.

Nikamweleza habari ya chakula na kufinywa. Nilijisikia nikieleza, na ilikuwa hoja ya wakili aliyechelewa, ile ambayo tungeitupa pamoja tukicheka. Yeye hakucheka. Aliniambia nafasi ameshampa karani mwenzangu, ambaye alibisha mlango na kusema anaitaka.

"Kwa nini hukuuliza tena?" nilisema.

"Kwa sababu kila mtu hunikubalia. Wakati wote niliovaa joho, wewe ndiye mtu pekee aliyeniambia hapana akimaanisha hapana. Nilitaka sana uje. Nikasema angalau hapana hii nisiivunje."

Ningesema kwamba hapana zangu nyingine zote zilikuwa za kweli, lakini angeniaminije, na mimi mwenyewe nilishaanza kutilia shaka.

Aliitwa mkutanoni. Aliniomba nimngoje tule chakula cha mchana, nikasema sawa. Nilifungua maboksi nikapanga vitabu rafuni, si kwa alfabeti bali kwa namna anavyovitafuta: vya mwenendo wa kesi karibu na mkono wa kulia, vya ushahidi chini yake, na ile kamusi kuukuu anayodai haitumii ikawa pembeni ya simu. Karani mwenzangu hangejua hayo. Nilimaliza kabla hajarudi. Sikungoja chakula; nikamwachia mpokezi salamu za kumpa Jaji, nikashuka kwenye maegesho, nikalitafuta gari langu kwa muda, maana ghorofa zote zilifanana na sikuwa nimeangalia nilikoliacha.